Kabla hujanunua zawadi ya Krismasi, uliza kwanza

Mwishoni mwa mwaka 2021 meli za makontena zaidi ya 70 zilipanga foleni nje ya bandari za Los Angeles na Long Beach, Marekani, na wazazi wakahangaika kutafuta midoli. Bidhaa zikiadimika, mtu hunyakua chochote kilichobaki rafuni ili mradi asiende mikono mitupu. Hapo ndipo hela inapopotea.

Mimi nafanya hivi: mapema Desemba nampigia dada yangu simu, namuuliza watoto watahitaji nini shule zikifunguliwa Januari. Jibu huwa sare, madaftari, viatu. Nanunua hivyohivyo, kabla maduka hayajafurika na bei hazijapanda. Mtoto akijaribu viatu vipya asubuhi ya Krismasi anaruka kwa furaha kabisa, nimeshuhudia.

Kwa wazazi wetu, ndugu mchange mnunue kitu kimoja cha maana: tangi la maji, kwa mfano, au mtungi wa gesi. Na kama ulichokusudia hakipo dukani, usikimbilie mbadala usiofaa. Weka pesa kwenye bahasha, umwambie unayempa ni ya nini, akinunue kikipatikana.