Hadithi moja, rangi moja

Wenye watoto wa maandalizi wanaojifunza rangi, jaribuni hili: ukisema "Paukwa", hadithi nzima iwe na rangi moja tu, lakini kwenye vitu visivyofanana. Paka kaenda sokoni Darajani na kikapu cha ukili, kanunua tungule (nyanya) nyekundu, kitambaa chekundu, kifuniko chekundu cha chupa. Vitu vyenyewe viwepo mkekani, na kila rangi ikitajwa mtoto atie kimoja kikapuni. Kisha weka tungule mbichi, ya kijani, umuulize kama paka aichukue. Hapo ndipo penye kazi yenyewe. Mtoto mdogo akioneshwa tungule peke yake huweza kudhani "nyekundu" ndilo jina lake. Akiona tungule mbili za rangi mbali mbali, anaelewa kuwa rangi ni jambo jengine.

Kwa anayeanza kusoma, andika neno "nyekundu" kwa penseli ya kawaida. Ukiliandika kwa wino mwekundu atalitambua kwa rangi, herufi hazitazami.

Mchezo huu haufai kwenye mwanga hafifu, wala ukichanganya nyekundu na rangi ya machungwa mapema; hizo ziachanishe kwanza. Na mtoto, hasa wa kiume, akizidi kuchanganya nyekundu na kijani wakati wenzake wameshajua, tafadhali usimkaripie. Huenda macho yake hayazitofautishi, na mara nyingi hiyo ni hali ya kuzaliwa nayo. Mpeleke akapimwe, na mwalimu wake aambiwe.