Bluberi penye udongo wa mfinyanzi: inua tuta, usichimbe shimo

Bluberi hutaka udongo wenye tindikali, pH (kipimo cha tindikali: ikishuka, tindikali huzidi) kati ya 4.5 na 5.5. Mizizi yake ni myembamba, haina vinyweleo, na mingi haishuki zaidi ya sentimita 30. Mfinyanzi unaotuamisha maji huinyima hewa mpaka ioze, na miche ya bei ghali hufa katika msimu mmoja wa mvua. Inasikitisha, maana kinga yake ni rahisi. Hivi ndivyo tunavyopanda huku Limuru, Kenya.

1. Jua una mfinyanzi upi

Udongo mwekundu wa Limuru na Tigoni ni mfinyanzi, lakini hupitisha maji vizuri na kwa kawaida una tindikali. Kama jirani ana chai iliyostawi, umeanza vyema. Udongo mweusi wa Kitengela na Athi River ni habari nyingine: huvimba ukilowa, hupasuka kiangazi, na mara nyingi una chokaa inayoipoza salfa yote utakayotia kushusha pH. Kwa huo nashauri usibishane nao. Panda kwenye pipa la lita 40 au zaidi, lenye matundu chini, ukitumia mchanganyiko wa hatua ya tatu, ila si kwa udongo huo mweusi.

Vyovyote vile, pima udongo kabla ya kununua mche. Maabara ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo la Kenya, kule Kabete hupima.

2. Shusha pH mapema

Ikizidi 5.5, tia unga wa salfa, usizidishe gramu 100 kwa mita mraba kwa mara moja, uchanganye na udongo wa juu. Bakteria ndio wanaoigeuza salfa kuwa asidi, nao huhitaji unyevu na muda, kwa hiyo fanya hivi miezi kadhaa kabla ya kupanda. Pima tena baada ya miezi mitatu. Mfinyanzi hutaka salfa nyingi kuliko mchanga, basi usishangae ukirudia. Makapi ya kahawa iliyokwisha kupikwa hayatoshi kwa kazi hii. Sehemu kubwa ya asidi yake imeondoka na kinywaji.

3. Jenga tuta

Hapa ndipo mche unapopona au kufa. Wengi huchimba shimo refu, wakalijaza udongo laini, wakapanda. Kwenye mfinyanzi shimo hilo ni sufuria: maji ya mvua huingia kutoka pande zote na hayana pa kutokea.

Lima juu juu tu, sentimita 15 hivi, udongo ukiwa na unyevunyevu. Ukiulima umelowa chepechepe utaugandisha kama tofali. Kisha changanya udongo huo wa juu na maganda ya paini yaliyosagwa na kuoza nusu, kiasi sawa kwa sawa, ukiongeza vumbi la mbao la zamani kutoka kwa wapasua mbao. Vumbi bichi lisichanganywe ndani, kwa sababu linapooza huinyang'anya mimea naitrojeni. Inua tuta la sentimita 30 hadi 45, upana wa mita moja, likielekezwa mahali maji yatateremkia. Samadi ya kuku, majivu na chokaa visikaribie: vyote hupandisha pH.

4. Chagua aina na upande

Bluecrop husifiwa sana Ulaya na Marekani, ila hutaka baridi kali ya muda mrefu ambayo hatuna. Tafuta Biloxi, Misty, Jewel au Emerald. Panda aina mbili jirani, nyuki wakichavusha matunda huwa makubwa. Acha mita moja hadi moja na nusu kati ya miche. Legeza mizizi iliyojizungusha, panda kwa kina kile kile cha kitaluni, kisha tandaza majani ya paini unene wa sentimita 8, yasiguse shina. Maua ya mwaka wa kwanza yatoe yote, hata kama roho inakuuma.

5. Maji na mbolea

Tuta hukauka upesi kuliko bustani ya kawaida, kwa hiyo mwagilia kidogo kidogo, mara kwa mara. Maji ya mvua ndiyo bora. Ya kisima kirefu mara nyingi huwa na magadi, na polepole hukurudisha ulikoanzia.

Mbolea ni SA (salfeti ya amonia), si CAN (kalisi amonia naitrati). Bluberi hupendelea naitrojeni ya amonia, na CAN huleta kalisi pamoja na naitrati. Anza na kijiko kimoja cha mezani kwa mche, ukinyunyiza mbali na shina, na urudie baada ya wiki sita wakati wa ukuaji. Majani machanga yakiwa manjano huku mishipa ikibaki kijani, mche umekosa madini ya chuma, na mara nyingi chanzo ni pH iliyopanda. Pima kabla ya kuongeza chochote.

6. Kuvuna

Funika kwa wavu matunda yakianza kubadilika rangi, ndege hawasubiri. Tunda likiwa buluu, liache siku chache zaidi mpaka wekundu ulio karibu na kikonyo uishe. Halizidi utamu baada ya kuchumwa. Lililoiva huachia lenyewe ukiligusa kwa kidole gumba. Linalokataa, lirudie baada ya siku tatu.