SOMO: Namna ya kuacha kuchelewa, toka kwa mtu aliyechelewa miaka mingi

Wadau salama? Naandika hii mara moja tu ili kila anayenifuata inboksi na "we uliwezaje" nimtumie hapa, maana nishachoka kurudia. Nakaa Mbagala hapa Dar, kazi ipo Posta mjini, na nilikuwa nachelewa kila mahali, kazini, vikao vya harusi, kliniki, kote.

Hatua ya 1. Nguo, begi na nauli viandaliwe usiku, pasi upige umeme ukiwepo.

Hatua ya 2. Simu ilale mbali na kitanda.

Hatua ya 3. PIMA MUDA WAKO HALISI. Hapa ndo nilipoharibu. Kichwani nilikuwa na namba moja, dakika 40 toka Rangi Tatu mpaka mjini, na wala sikuitunga, kuna Jumapili moja asubuhi kweli nilitumia dakika 40, barabara nyeupe kabisa, basi ile siku moja nzuri nikaifanya kipimo cha siku zote. Alipofariki baba yangu mdogo tukaambiwa anasaliwa adhuhuri, anazikwa Kisutu. Siku ya kazi. Nikapiga hesabu yangu ya dakika 40, nikatoka saa 5 na nusu. Foleni ikatukamata Mtongani mpaka Uhasibu, Bendera Tatu nikashuka nikachukua boda, nafika makaburini nakuta watu wananawa mikono, kaburi limeshafukiwa, majembe yameegeshwa ukutani. Mwanae mkubwa akanishika mkono akasema "tulikungoja kidogo". Hakuongeza neno. Baba mdogo ndo alinilipia ada ya sekondari.

Kwahiyo chukua daftari, siku 5 za kazi, andika saa uliyofunga mlango na saa uliyokaa kwenye kiti unakoenda. Sio saa gari ilipoondoka! Yangu ilikuja hivi: nyumbani mpaka kituoni 9, kungoja gari yenye nafasi 22, barabarani 55, kushuka na kutembea mpaka ofisini 12. Jumla 98. ONYO: usichukue wastani, chukua siku mbaya kuliko zote kati ya hizo 5. ONYO la pili: usipime shule zikiwa zimefungwa, barabara inakudanganya. Na masika ikianza pima upya.

Hatua ya 4. Hesabu kurudi nyuma. Kikao saa 2 asubuhi, toa 98, toa 10 za dharura, unapata saa 12 na dakika 12. Hiyo ndo miadi yako, hiyo ndo unaandika kwenye simu. Weka alamu mbili, ya kuanza kujiandaa na ya kuvaa viatu.

Hatua ya 5. Ya viatu ikilia unatoka. "Ngoja nioshe hivi vikombe viwili" ndo inayokula dakika 15.

Kusogeza saa mbele dakika 15 nilijaribu, ndani ya wiki unaizoea unaanza kuzitoa kichwani.

MASWALI

mtu_wa_tabata: Ndefu sana mkuu, fupisha basi
Mleta mada: Hatua ya 3. Isome yote.

kaka_mdogo: Je nikisogeza saa mbele dakika 15 haitoshi?
Mleta mada: Nimeandika hapo juu. Mstari wa mwisho kabla ya maswali.

chanika_moja: Hii ni ya wenye magari binafsi, sisi wa daladala foleni haitabiriki, unatuonea tu
Mleta mada: Ndugu mimi napanda daladala, nimeandika mpaka dakika za kungoja kituoni. Foleni unayokutana nayo kila Jumatatu inatabirika vizuri tu, ni vile hatutaki kuiandika. Soma kwanza alafu tubishane.

binti_kigamboni: Asante kwa somo. Swali, kwanini mtu anachelewa mara mia na bado ya mia na moja anakadiria vilevile?
Mleta mada: Swali zuri sana dada, na mimi lilinisumbua. Wanasaikolojia Kahneman na Tversky walishaliandika mwaka 1979, kwamba mtu akipanga anaangalia jinsi mambo yatakavyoenda, haangalii yalivyoenda huko nyuma. Mwaka 1994 kuna watafiti walichapisha habari za wanafunzi 37 waliokuwa wanamalizia tasnifu zao, wakaulizwa watamaliza lini, wakakadiria wastani wa siku kama 34, wakatumia zaidi ya 55. Ndo maana nasisitiza daftari. Kichwa kinakumbuka ile Jumapili, daftari linakumbuka Jumatatu. Na wewe unavuka na pantoni, andika kungoja na kuvuka mbalimbali.

mama_wawili: Mimi najiandaa vizuri, shida watoto, kila asubuhi kiatu kimoja hakionekani
Mleta mada: Pole dada yangu. Wapime na wao, toka wanaamshwa mpaka mlangoni, ujue ni dakika ngapi kweli. Viatu vya shule vikae mlangoni toka jioni, soksi ndani yake, na aliyevua ndo aviweke mwenyewe.
mama_wawili: Soksi ndani ya kiatu sikuwahi kuwaza, leo naanza

fundi_gongolamboto: Nyongeza, asubuhi geuza na gari. Ukiona linaelekea mwisho wa njia, lipande huko huko, unalipa nauli mara mbili ila kiti una uhakika.
Mleta mada: Kweli kabisa, ila dakika za kugeuza nazo ziandikwe.

shemeji_wa_wote: Harusi kadi inasema saa 12 jioni, ukumbi unajaa saa 2 na nusu usiku. Niwahi nikakae na viti?
Mleta mada: Harusi fanya unavyoona. Mimi nawahi, nasaidia kupanga meza. Ila usafiri wa treni ya SGR, maziko na daktari usivipimie kwa harusi.

mtu_wa_tabata: Nimesoma yote mkuu, samahani. Leo nimepima, dakika 81, nilikuwa najua ni 50
Mleta mada: Safi sana. Bado siku 4, na Jumatatu usiiruke.