Kituo chenu kinauzwa au kinaunganishwa? Fanya haya kabla hujasaini chochote

Ukianza kusikia fununu kwamba kituo chenu cha redio au TV kinanunuliwa au kinaunganishwa na kingine, usikae kusubiri barua. Barua ikifika mambo mengi yanakuwa yameshaamuliwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga studio yenu. Nimeona watangazaji, mafundi mitambo, wapiga picha na wahariri wa video wakitoka mikono mitupu, na wala hawakuwa wabovu wa kazi, walikosa karatasi tu.

Vile vyepesi kwanza. Mkataba, barua ya ajira, barua za kupandishwa cheo, slipu za mshahara, rekodi za likizo na ovataimu ambazo hujalipwa: toa nakala peleka nyumbani, usiziache kwenye email ya kazini maana siku ya siku inafungwa ukiwa bado umekaa kwenye kiti. Kazi zako nzuri, omba ruhusa ya maandishi uwe na nakala za kuombea kazi, na omba sasa hivi wakati bosi anayekujua bado yupo. Usibebe mafaili ya kampuni kimyakimya, watakufukuza kwa hilo na haki zako ziende.

Halafu uliza swali ambalo wengi hawaulizi: wananunua hisa au wananunua mali? Wakinunua hisa, kampuni iliyokuajiri inabaki ileile, kabadilika mwenye nayo tu, na kwa kawaida mkataba wako unaendelea. Wakinunua mali, yaani mitambo, masafa, jina na maktaba ya vipindi, wafanyakazi wanaweza wasiwemo kabisa, unaachishwa upande huu unaambiwa ukaombe kazi upande ule. Sheria ni nchi na nchi. Uingereza wana kanuni za TUPE za 2006 zinazomhamisha mfanyakazi pamoja na masharti yake na miaka yake ya utumishi. Marekani hakuna sheria ya taifa zima ya namna hiyo, ipo ile ya WARN ya 1988 inayotaka notisi ya siku 60 kwa waajiri wa watu 100 na kuendelea wanapopunguza watu kwa wingi. Kwenu ikoje? Mtafute mtu wa chama cha wafanyakazi au wakili wa mambo ya kazi akuambie mapema.

Sasa hili linaniuma mpaka leo. Kuna kaka mmoja fundi sauti nilifanya naye kazi, ana miaka 14 pale, mikrofoni ikikwaruza yeye anajua kwa kusikia ni waya gani. Kituo kikauzwa. Ijumaa jioni anaandaa studio kwa taarifa ya habari, akaja mtu wa HR na furushi la makaratasi, akamwambia hii ni kuwahamisha tu kwenye mfumo mpya wa mishahara kaka, saini leo ili mwezi ujao usikwame. Akaangalia ukurasa wa kwanza, mshahara uleule, cheo kilekile, akasaini juu ya meza ya kuchanganyia sauti huku hedfoni ziko shingoni. Ukurasa wa tatu palikuwa pameandikwa tarehe ya kuanza ajira, na tarehe yenyewe ni ya siku kampuni mpya ilipoingia. Chini yake mstari mmoja: mkataba huu unafuta makubaliano yote ya awali. Haujaisha mwaka wakaunganisha vyumba viwili vya sauti kuwa kimoja, yeye akapunguzwa, na kiinua mgongo kikapigwa kwa kila mwaka kamili wa utumishi. Kwa karatasi ile hakuwa na hata mwaka mmoja. Alipokwenda kulalamika walimfungulia ukurasa wa tatu halafu wakamwonyesha saini yake.

Jioni ileile dada mmoja wa dawati la habari aliletewa karatasi kama ile. Akasoma mpaka mwisho, akachukua kalamu, pembeni ya ile tarehe akaandika kwa mkono kwamba utumishi wake tangu alipoajiriwa mara ya kwanza unatambuliwa na unaendelea, akamwambia yule wa HR na wewe weka saini hapa. Yule akanuna, akapiga simu juu, akarudi akasaini. Dada akatoa kopi palepale. Na yeye alipunguzwa baadaye, lakini alilipwa miaka yake yote.

Kwa hiyo ukipewa mkataba mpya anza na tarehe ya kuanza kazi, kisha tafuta huo mstari wa kufuta ya zamani, kisha angalia likizo zilizobaki na michango ya pensheni vimeandikwa wapi. Havipo? Andikisha. Angalia pia kipengele cha kukuzuia kufanya kazi kwa mshindani, maana vituo vikishakuwa vya tajiri mmoja washindani waliobaki ni wachache na ukizuiwa kwao unabaki huna pa kwenda. Na uangalie faini ya kuondoka mapema. Marekani iliripotiwa mwaka 2018 kuwa mikataba ya Sinclair, kampuni yenye vituo vingi vya TV, iliweza kumdai anayeondoka kabla ya muda hadi asilimia 40 ya mshahara wake wa mwaka.

Na sauti yako. Mwaka 2023 kituo cha Live 95.5 cha Portland, Oregon kilianza kutumia sauti ya kompyuta iliyoigwa kutoka kwa mtangazaji wake, yeye akiwa amekubali. Wewe usije ukakubali bila kujua. Ukikuta maneno kama matumizi ya sauti na sura kwa teknolojia yoyote, milele, uliza wanakulipa nini na ukiondoka inakuwaje.

Jipime pia uko wapi. Vituo viwili vikiwa kimoja, kila chenye jozi kinapunguzwa: wahasibu wawili, vyumba viwili vya kurushia matangazo, watabiri wawili wa hali ya hewa. Baada ya sheria ya 1996 kuondoa ukomo wa idadi ya redio kitaifa kule Marekani, kampuni ya redio ya Clear Channel ilifikisha stesheni zaidi ya 1,200, na mtangazaji mmoja akawa anarekodi sauti mji mmoja inachezwa miji kibao kama vile yuko hewani huko. Chunguza mfumo wa upande gani ndio utabaki, wa kuhariri na wa kurushia, ujifunze huo mapema kwa sababu anayeujua anahitajika. Kama uko kwenye mradi mpya uliopendwa na mabosi wa zamani, kaa macho. CNN+, huduma ya CNN ya kulipia ya kutazama mtandaoni, ilizinduliwa mwishoni mwa Machi 2022, kampuni mama ikaunganishwa na nyingine Aprili 8, na mwezi huohuo wa Aprili CNN+ ikafungwa.

Ila usiache kazi kwa presha ya tangazo tu. Sinclair walitangaza kuinunua Tribune Media, kampuni nyingine ya vituo vya TV, Mei 2017, dili likafa Agosti 2018, na aliyekuja kununua 2019 ni mshindani wao Nexstar. Ukijiuzulu katikati unaondoka na notisi yako basi, malipo ya kupunguzwa huyapati.

Mkopo mkubwa usichukue kipindi hiki. Frilansa na wanaolipwa kwa zamu, daini za nyuma zote kabla kampuni haijabadilika jina, baadaye utaambiwa deni ni la wale wa zamani. Akaunti za mitandao ulizofungua kwa namba yako binafsi, jua zipi zako zipi za kituo. Mambo ya ofisini usiyamwage kwenye magrupu, kuna mtu anapiga skrinshoti. Na ukiitwa kikao cha ghafla nenda na daftari, andika tarehe, nani yupo, kasema nini, na wakisema saini hapahapa, omba nakala waambie utawajibu kesho.