Kufunga kamera ya gari mwenyewe nyumbani: kazi iko kwenye umeme

Bodaboda akikuchubua mlango pale Buguruni, dakika haiishi watu wamejaa, na wote ni mashahidi wake. Ndiyo maana kamera ya gari imekuwa kitu cha lazima mjini. Kuifunga hakuhitaji gereji. Asubuhi moja ya Jumapili inatosha, mradi uheshimu sehemu mbili: eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka kwenye ajali) na fyuzi.

Kabla hujanunua, fikiria jua la Dar. Gari likishinda juani, kioo cha mbele kinageuka tanuri, na kamera yenye betri ya lithiamu ndani huishia kuvimba. Tafuta inayotumia kapasita, yaani kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme badala ya betri. Memori kadi nayo isiwe ya bei ya kutupa. Chukua iliyotengenezwa kwa kurekodi mfululizo, pakiti yake huandikwa Endurance. GB 64 kwa picha za 1080p hubeba takriban saa nane au tisa, kisha za zamani zinafutwa zenyewe. Nunua pia seti ya waya tatu ya kuipa kamera yako umeme kutoka boksi la fyuzi, adapta mbili za fyuzi zenye nafasi mbili (moja ya fyuzi ya zamani, moja ya kamera), kebo tai, na mita ya umeme. Spana namba 10 bila shaka unayo.

Hatua ya 1: Mahali pa kubandika

Fanya mapema kioo kikiwa cha baridi. Kisafishe kwa spiriti kikauke. Mahali pazuri ni nyuma ya kioo cha kati, upande wa abiria, ndani ya eneo linalofutwa na waipa. Usibandike juu ya vidoti vyeusi wala kwenye tinti. Washa kamera kwa soketi ya kiberiti kwanza, uone picha imekaa sawa, ndipo utoe karatasi ya gundi.

Hatua ya 2: Kupitisha waya

Tafuta kwanza boksi la fyuzi liko upande gani. Kwenye Toyota nyingi liko chini ya dashibodi, karibu na magoti. Waya usukume kwa vidole ndani ya ukingo wa dari mpaka kwenye nguzo ya pembeni mwa kioo. Hapo tulia. Nguzo ikiwa na maandishi SRS AIRBAG, fungua plastiki yake na upitishe waya nyuma ya eabegi, ukiubana kwa kebo tai kwenye waya za kiwandani. Ukipita mbele, siku eabegi inafumuka itaurusha waya usoni mwa mtu. Soketi za njano usiziguse kabisa, wala usizipime. Kama plastiki inakugomea, mwachie fundi kipande hicho tu.

Hatua ya 3: Umeme

Watu wengi wataanza kwa kuchomoa betri. Mimi siwashauri. Redio nyingi za Toyota zilizotoka Japani zikikosa umeme hujifunga na kudai namba ya siri, na hapo utaanza kumtafuta mtu wa kuifungua. Zima gari, toa ufunguo, inatosha.

Kwa kawaida waya mwekundu ni wa ACC (umeme unaokuja ufunguo ukiwa kwenye hatua ya redio), wa njano ni wa umeme wa kudumu, mweusi ni ethi (wa kufunga kwenye chuma cha bodi), ila soma karatasi ya seti yako. Weka mita kwenye volti za DC, mguu mweusi kwenye chuma cha bodi. Fyuzi ya waya mwekundu isome volti 12 ufunguo ukiwa ACC na sifuri ukiutoa. Ya redio au soketi ya kiberiti hufaa. Ya njano isome 12 hata ufunguo ukiwa mfukoni. Fyuzi za eabegi, ABS na kompyuta ya gari ziache zilivyo.

Chomoa fyuzi, upime matundu yake mawili. Lenye umeme ndilo linalopokea mguu wa adapta ulio mbali na waya. Ukigeuza, kamera itawaka kama kawaida, lakini mzigo wake utapita kwenye fyuzi zote mbili. Rudisha fyuzi ya zamani kwenye nafasi yake ndani ya adapta, na ya kamera weka ndogo, kama seti inavyoelekeza. Ethi ifunge kwenye nati inayoshika chuma kitupu. Rangi ikiwepo, kamera itawaka na kuzima hovyo.

Waya wa njano huiwezesha kamera kurekodi hata gari likiwa limeegeshwa, kwa hiyo seti nyingi zina swichi ya kukata umeme betri ikishuka. Chagua volti 12.2 au zaidi, hasa kama betri yako ni ya siku nyingi. Na tusidanganyane: kamera ya mbele haitamwona anayechomoa kioo chako cha pembeni usiku.

Hatua ya 4: Mipangilio

Saa iwe GMT+3, marudio 50Hz ili taa zisichezecheze, klipu za dakika moja au tatu. Sensa ya mshtuko shusha hadi ya chini. Kwa mashimo na matuta yetu, ukiiacha juu, kila klipu itafungwa kama ya ajali na kadi itajaa. Ukibeba abiria, zima sauti au waambie. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, usirushe sura zao kwenye magrupu.

Zunguka mtaa mara moja, toa kadi, uisome kwenye simu. Namba ya gari la mbele ikisomeka mkiwa kwenye foleni, rudisha plastiki zote.