Zana za mtumba kwa karakana ya Tabora: kagua hivi kabla ya kulipa

Penye faida ya kweli ni kwenye zana zisizo na mota. Jiliwa, klampu, patasi na randa ya mkono vikitunzwa havichakai upesi. Jiliwa igonge kwa nyundo ndogo: ikilia kama kengele ni nzima, ikitoa mlio uliokufa ina ufa, na chuma chake cha kusubu (kilichomiminwa kwenye kalibu) hakishiki vizuri kikichomelewa. Randa iangalie mdomoni, pale kisu kinapotokeza, ufa huanzia hapo. Patasi yenye rangi ya bluu kwenye makali iliunguzwa kwenye jiwe la umeme. Ugumu umeshatoka, utainoa hadi uipite sehemu hiyo ndipo ikufae. Pimamaji liweke mezani, soma, kisha geuza ncha zake. Povu lisiporudi palepale, liache. Tupa ya mtumba usinunue kabisa, meno yakiisha hayanoleki.

Mashine ya umeme ni habari nyingine. Soma kwanza kibati chenye volti na hezi zake, wala usiangalie plagi, maana plagi hubadilishwa kwa dakika tano. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50 (mizunguko ya umeme kwa sekunde). Mashine nyingi za njano za maeneo ya ujenzi Uingereza ni volti 110, za Marekani 120, za Japani 100. Ukizichomeka moja kwa moja zinaungua. Transfoma inasaidia, lakini kwa mashine ya wati 1,500 utahitaji ya VA 2,000 hivi (VA ni kipimo cha uwezo wa transfoma), nzito na ya bei, na akiba yako imeishia hapo. Tena transfoma haibadilishi hezi. Drili na grenda zenye kaboni (vipande vinavyosugua sehemu inayozunguka ili kuipa umeme) hazijali hilo, ila mota isiyo na kaboni, kama ya jiwe la kunolea la mezani, ikiwa ni ya hezi 60 itazunguka polepole kwa moja ya sita na kupata joto.

Kibati kikikubali, iwashe. Muuzaji asiye na umeme akusindikize hadi kwa fundi wa jirani. Tazama kupitia matundu ya hewa: cheche ndogo za bluu kwenye kaboni ni kawaida, ila moto unaozunguka amecha (sehemu ya mota inayozunguka) kama pete ni dalili ya amecha kuungua au kuwa na shoti. Kaboni zilizobaki chini ya milimita 6 zihesabu kuwa zimekwisha. Hizo si kitu, kaboni ni rahisi. Amecha ndiyo inayokula pesa, kwa kuisuka upya nyaya au kununua nyingine. Iache izunguke dakika tano, kisha ipe kazi: kama ni drili, toboa mninga mkavu kwa keekee ya milimita 10. Mti mlaini hauonyeshi ugonjwa. Ikinuka vanishi iliyoungua, irudishe. Ikivuma kwa mkwaruzo, ni beringi. Zima, shika ekseli, itikise: ikicheza, punguza bei au ondoka.

Grenda isiyo na kinga ya diski usiichukue kwa bei yoyote. Mafundi wengi huing'oa ili wafunge diski ya inchi 9 kwenye mashine ya inchi 4½, ambayo huzunguka mara 11,000 kwa dakika. Diski hiyo kubwa imetengenezwa kwa takriban mara 6,600, hivyo hupasuka na kuruka usoni. Diski zenyewe nunua mpya. Tarehe ya kuisha imegongwa kwenye pete ya chuma ya katikati.

Sasa hesabu. Tuseme mashine mpya ni shilingi 200,000 na ya mtumba 90,000. Ongeza kaboni, beringi, na nauli ya spea ikiwa itabidi itoke Dar es Salaam au Mwanza. Ongeza pia siku ambazo karakana italala bila mashine, hapa Tabora hilo ndilo husahaulika. Jumla ikivuka 120,000, nunua mpya yenye waranti. Zana za betri zihesabu kama hazina betri, kwa sababu betri mpya mara nyingi hukaribia bei ya mashine.

Namba ya mashine ikiwa imekwanguliwa, usinunue: kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai. Ikiwepo, iandike kwenye risiti pamoja na jina, simu na namba ya kitambulisho cha muuzaji, kisha mtie saini wote wawili.