Rede kwa watu wazima: namna ya kujijua mpira ukiwa hewani

Kwetu mtu mwenye ndevu akionekana anaruka kamba, watu wana neno lao: mtu mzima hovyo. Nimeendesha vipindi vya michezo ya watu wazima kwa miaka kadhaa, na neno hilo limenisumbua kuliko magoti mabovu. Kwa hiyo, kabla ya yote, tafuta ua au uwanja wenye ukuta. Watazamaji hapana. Anayekuja avue viatu aingie, asiyetaka abaki nje ya geti.

Mchezo wangu ni rede: wawili wanarushiana mpira wakimlenga aliye katikati, naye anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Waliokulia mitaani Tanzania wanaujua, na Wakenya wana ndugu yake, kati. Nimeuchagua kwa sababu unambana mtu hadi anakosa nafasi ya kujipanga aonekane vipi.

Hatua ya 1: vifaa. Soksi kuukuu, matambara ya kujazia, kamba ya kufungia. Jirushie mpira begani kwanza. Ukiuma, punguza matambara. Halafu chupa ya maji ya nusu lita na kilima cha mchanga. Watu watatu wanatosha, ingawa sita ndiyo raha yake. Kina mama wafunge kibwebwe.

Hatua ya 2: kutembea, dakika kumi. Zungukeni uwanja kwa mwendo wenu wa kila siku, kisha nusu ya mwendo huo, kisha nusu tena. Kimya. Kila mmoja atafute sehemu ya mwili iliyokaza bila kutumwa.

Usiiruke hatua hii. Augusto Boal, mwongozaji wa tamthilia wa Brazil, aliandika kwamba kazi huufinyanga mwili wa mtu, akalinganisha mpiga taipu na mlinzi wa usiku kiwandani. Mmoja anashinda kitini, kuanzia kiunoni kwenda chini amekuwa kama kigoda cha kubebea mikono. Mwingine anatembea zamu nzima. Mimi niliwahi kushika chaki miaka mingi. Siku ya kwanza nilipotembea taratibu hivi niligundua bega langu la kulia liko juu, kana kwamba ubao bado uko mbele yangu. Nililishusha. Baada ya hatua nne lilikuwa limesharudi.

Hatua ya 3: kioo. Wawili wawili, mmoja anasogea, mwenzake anamfuata kama kioo, kisha mnabadilishana. Dakika tano. Ni ya kupasha viungo na kuzoeana macho tu.

Hatua ya 4: rede yenyewe. Wawili wanasimama pande mbili, kama hatua kumi kati yao, wanarushiana mpira wakimlenga aliye katikati. Yeye anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Akipigwa, anatoka, anaingia mwingine. Zungukeni mara tatu bila kusimamisha mchezo kwa mazungumzo.

Hapo ndipo mambo yanapojitokeza. Yuko anayesahau chupa kabisa, anakwepa tu. Yuko anayejaza haraka hadi mchanga wote unamwagika nje. Mama mmoja mhasibu, kila alipopigwa, alitabasamu na kumwambia aliyemrushia: "Samahani." Sikusema kitu. Mzunguko wa tatu alipigwa mgongoni, "sama..." ikakatikia njiani, akasimama na mchanga kiganjani. "Jamani, nimepigwa mimi, mbona naomba radhi mimi?" Tulicheka wote. Yeye aliacha kucheka mapema kuliko sisi, akaenda kukaa kivulini.

Hatua ya 5: kusema. Kaeni chini, kila mtu sentensi moja, na iwe juu ya kitu ambacho mwili ulifanya. "Nilifumba macho mpira ulipokuja" inafaa. "Mimi ni mwoga" haifai. Hiyo ni hukumu, na huenda alishaibeba tangu shule ya msingi. Na mtu asimtafsirie mwenzake. Wanaume hasa wanapenda kuwa wanasaikolojia dakika hii. Wakatize.

Akitokea mtu analia, mpira uwekwe chini, apewe maji, asiulizwe maswali. Mwenye presha, mjamzito au mwenye goti bovu acheze mdako: kishimo, kokoto, unarusha moja juu na kuchota nyingine kabla haijatua. Amekaa, lakini mikono yake itasema mengi vilevile.

Hatua ya 6: kubadili kitu kimoja. Wiki inayofuata chezeni tena, kila mtu akigeuza jambo lake moja tu. Mwenye pupa achukue mchanga kwa vidole viwili. Anayekwepa tu ahakikishe chupa imefika nusu, hata kama atapigwa. Msitafute kufaulu, angalieni ni sekunde ipi mwili unakataa.

Mhasibu wetu nilimpa kazi ya kupigwa kimya. Mara mbili aliweza, midomo kaibana. Mara ya tatu mpira ulimpata shingoni akageuka: "Ala!" Aliyerusha akasema samahani.